Maziwa Hayangoji Mwisho wa Mgomo

Jumatatu tarehe 7 Julai 2025, kabla ya jua kuchomoza, wakulima wa Juja waliamka kukama kama ilivyo desturi yao. Ng'ombe hawakuwa na habari kwamba siku ile ni Saba Saba. Walitoa maziwa yao kama walivyoyatoa Jumapili. Lakini barabara kuu iendayo Nairobi ilikuwa imefungwa kwa vizuizi vya polisi, matatu hazikupita, vijana wa pikipiki waliogopa kutoka, na wenye maduka wengi waliona heri waache milango yao imefungwa. Watu waliuawa siku ile, na msiba huo wapita hasara zote za biashara. Jioni ilipofika ng'ombe walikamwa tena, na maziwa ya asubuhi yalikuwa bado yamo ndani ya makopo.

Si kazi ya ukurasa huu kuamua nani alikuwa na haki katika mambo ya siasa. Kazi yetu ni kuuliza swali la shamba: vurugu zikitokea, au wafanyakazi wakigoma, hasara huenda kwa nani? Na mkulima mwenye ng'ombe watatu, au kuku mia, au robo eka ya sukuma wiki, aweza kufanya nini ili isimwangukie yeye yote?

Tutaanza na Juja yenyewe, kwa maana hapo jambo hili laonekana wazi kuliko mahali pengi.

MJI ULIOJENGWA NA CHUO

Juja iko kati ya Ruiru na Thika, kilomita thelathini na kitu kutoka Nairobi. Zamani ilikuwa nchi ya mkonge na ya mashamba makubwa ya kahawa na ng'ombe. Mwaka 1981 kilifunguliwa hapo chuo cha kilimo na teknolojia kwa msaada wa Japani, na mwaka 1994 kikawa chuo kikuu kamili, kwa jina Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Tangu hapo mji umekua kwa sababu ya chuo. Ukisimama upande wa Gachororo utaona hosteli za ghorofa zimesongamana, na chini ya kila hosteli kuna kibanda cha chai, muuza mboga, mkaanga viazi, na mama wa chapati.

Mwanafunzi mmoja hanunui vingi. Kikombe cha chai, chapati moja, sahani ya maharagwe, mayai mawili, fungu la sukuma wiki. Lakini wanafunzi ni maelfu, nao hula kila siku. Basi mkulima wa Juja hakuhitaji kwenda Nairobi kutafuta soko. Soko lilimfuata mpaka mlangoni. Hii ni baraka kubwa. Ila soko lenye mnunuzi wa namna moja tu lina hatari yake. Mnunuzi huyo akiondoka huondoka na wote.

Tarehe 17 Septemba 2025 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma walianza mgomo. Walidai fedha walizoahidiwa katika mapatano yao. Mgomo ulichukua siku 49; ulikwisha tarehe 5 Novemba, ilipokubaliwa kwamba Sh. bilioni 7.9 zilipwe kwa mafungu mawili. Wala haukuwa wa kwanza. Mwaka 2017 wahadhiri waligoma kuanzia Januari hadi Machi, na mwaka 2018 wakagoma tena kuanzia Machi hadi Mei. Yule aliyekuwa akiuza maziwa Juja tangu miaka hiyo angekuwa amejifunza. Lakini wengi wetu tukisha kuvuka mto husahau maji yalifika wapi.

Nilimtembelea mama mmoja mwenye ng'ombe watatu, si mbali sana na mji. Nikamwuliza, "Mama, ule mgomo wa wahadhiri ulikufikia huku?"

Akacheka. "Mwanangu, mimi hata lango la hicho chuo sijapata kulipita. Lakini wao walipofunga vitabu, mimi ndimi niliyemwaga maziwa."

Tukakaa chini tukafanya hesabu. Ng'ombe wake watatu walikuwa wakimpa kiasi cha lita 36 kwa siku. Akitoa ya ndama na ya nyumbani, alibaki na 30 za kuuza. Lita 20 zilikwenda vibandani karibu na hosteli, na lita 10 kwa majirani. Wanafunzi walipokwenda makwao, vibanda viwili vikafungwa, na cha tatu kikapunguza. Badala ya lita 20 akauza 6. Lita 14 zikakosa mnunuzi. Kwa bei yake ya Sh. 60 kwa lita, hizo ni Sh. 840 kila siku. Zidisha mara siku 49, utapata Sh. 41,160.

Mwenye kibanda naye alikuwa na deni lake la wiki mbili katika daftari, akaenda nalo nyumbani kwao. Mama hakumlaumu. "Angelipa na nini?" akasema. "Yeye pia alikuwa akiwangoja wale watoto."

Kodi ya kibanda haikugoma. Chakula cha ng'ombe hakikugoma. Ng'ombe watatu wakila kilo nne za chakula cha dukani kila mmoja kwa siku, ni kilo 12. Kwa siku 49 ni kilo 588, yaani karibu magunia 12 ya kilo 50. Gunia lazima linunuliwe, maziwa yauzwe yasiuzwe.

HASARA YA PILI

Watu wengi wakihesabu hasara ya mgomo hukomea hapo. Huhesabu siku, wakazidisha kwa fedha, wakafunga kitabu. Lakini mkulima ana hasara ya pili, nayo ndiyo mbaya zaidi kwa maana haionekani mapema.

Wiki ya tatu mama yule aliona fedha zimepungua, akapunguza chakula cha dukani. Akawapa ng'ombe kilo mbili badala ya nne. Ni jambo ambalo kila mtu angelifanya. Ng'ombe nao wakapunguza maziwa. Mgomo ulipokwisha, vibanda vikafunguliwa, vijana wakarudi na mabegi yao, na wote wakataka chai siku moja. Mama akarudisha kilo nne. Lakini ng'ombe aliyeshuka katikati ya kipindi chake cha kukamwa kwa sababu ya njaa, kwa kawaida harudi kufika pale alipokuwa mpaka azae tena. Basi wakati bei ilipokuwa nzuri na wanunuzi wamejaa, yeye hakuwa na maziwa ya kutosha kuwauzia.

Ndiyo maana twasema kwamba mgomo hukwisha siku moja kwa wale waliotia sahihi, lakini zizini huendelea kwa miezi. Mhadhiri atalipwa malimbikizo yake. Mwanafunzi ataongezewa majuma ya masomo, na mwenye kiwanda aweza kuagiza kazi ya ziada ili bidhaa zilizochelewa zitengenezwe. Maziwa ya tarehe 20 Oktoba hayawezi kutengenezwa tarehe 20 Novemba.

Wala msidhani ya kuwa mkulima angepona kama wahadhiri wangenyamaza tu. Mtu asiyelipwa haki yake hanunui maziwa pia. Familia ya mfanyakazi ambaye mshahara wake umekawia hupunguza nyama kwanza, kisha maziwa, kisha mayai. Hasara huanza siku ahadi ilipovunjwa. Mgomo huidhihirisha tu.

KAHAWA YA MWAKA 1960

Jambo hili si geni katika wilaya zetu. Mwaka 1960 migomo ilienea katika mashamba makubwa ya kahawa upande wa Thika, Ruiru na Kiambu. Ugomvi ulikuwa juu ya mishahara na masharti ya kazi. Wale wachumaji hawakuwa na mali, wala kura zao hazikuwa na nguvu katika serikali ya kikoloni. Lakini walijua jambo moja ambalo kila mkulima wa kahawa alijua pia, kwamba buni zikiiva hazisubiri.

Kahawa iliyoiva hupasa kuchumwa kila baada ya siku saba hadi kumi na nne, na iliyochumwa leo yapasa kumenywa leo. Ikilala katika gunia hupata joto na kuanza kuchacha, na kikombe chake huharibika. Ikiachwa mtini hukauka, ikawa ile iitwayo mbuni, nayo huuzwa kwa bei ya chini. Na ikianguka chini yaweza kuoza au kuliwa na wadudu, na kuleta ugonjwa kwa zao la mwaka ujao. Basi mgomo wa siku kumi mwezi wa Februari ni jambo dogo, na mgomo wa siku kumi mwezi wa Novemba, wakati wa mavuno makubwa, waweza kula sehemu nzuri ya mapato ya mwaka mzima. Kiwanda cha viatu kikisimama siku kumi, ngozi yangali ngozi.

Kutokana na miaka ile ya ugomvi, watu waliona kwamba kungoja mpaka kazi isimame ndipo waanze kuzungumza ni ujinga wenye gharama. Mwezi wa Oktoba 1962, wakati marehemu Tom Mboya alipokuwa Waziri wa Kazi, serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana Mkataba wa Uhusiano wa Kazi, ambao uliweka njia za kusikiliza malalamiko kabla hayajawa mgomo. Mwaka 1963 vyama vya wafanyakazi wa mashambani viliungana kuwa kimoja. Mwaka 1964 ikaja Mahakama ya Viwanda. Na mwaka huo huo pande tatu zikapatana kwamba waajiri waongeze watu kazini, na wafanyakazi wasidai nyongeza kwa mwaka mmoja. Si kila ahadi ilitimizwa. Lakini mezani palikuwa na viti vitatu, na kila mmoja alijua kiti chake.

Kiti cha nne, cha mkulima mdogo anayeuza maziwa mlangoni, hakikuwapo. Hata leo hakipo.

MGOMO SI SAWA NA FUJO

Hapa yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mgomo wa kazi una sheria yake. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya kugoma, na Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya mwaka 2007 yataka ilani ya siku saba kwa maandishi kabla ya mgomo kuanza. Maandamano ya amani nayo ni haki, katika kifungu cha 37, mradi watu wasichukue silaha. Mgomo waja na tarehe. Fujo haina tarehe, wala haimtafuti mwenye makosa. Humkuta aliye karibu.

Tarehe 27 Machi 2023, siku ya maandamano ya upinzani, kundi la watu liliingia katika shamba la Northlands huko Ruiru, mali ya jamaa ya Rais wa zamani Uhuru Kenyatta. Kondoo waliibwa mchana, miti ikakatwa kwa misumeno ya mashini, na sehemu ya shamba ikatiwa moto. Watu wengi walilitazama jambo hilo kama habari ya wakubwa. Mkulima na alitazame kama mkulima. Kondoo wa uzazi mzuri aliyechinjwa njiani ni miaka ya kazi ya mchungaji, na mti uliokatwa kwa dakika kumi ulichukua miaka ishirini kukua. Tena shamba kubwa lina askari na ukuta. Jirani yake mwenye mbuzi sita ana mbwa mmoja, naye mzee.

Na fujo zikishika nchi nzima, hakuna shamba lililo mbali. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 walikufa, na mamia ya maelfu wakakimbia makwao, mpaka mapatano yalipotiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008. Huko Bonde la Ufa mahindi yaliteketea mashambani na maghalani, na maziwa yakamwagwa kwa kuwa magari hayakuweza kupita. Reli ya kwenda Uganda iling'olewa pale Kibera. Malori ya mafuta yakakwama, na Kampala na Kigali wakapungukiwa na petroli, watu ambao hawakupiga kura yoyote katika uchaguzi wetu. Uchumi wa Kenya ulikuwa umekua kwa karibu asilimia 7 mwaka 2007. Mwaka 2008 ukuaji ulianguka chini ya asilimia 2. Ni kweli kwamba mwaka ule ulikuwa pia na ukame na mafuta ghali duniani, kwa hiyo haifai kuutwika uchaguzi mzigo wote. Lakini mkulima aliyekimbia mwezi wa Januari hakuwa shambani mwezi wa Machi kupanda, na mahindi yasiyopandwa Machi hayakuwapo mwisho wa mwaka. Hiyo ni ile hasara ya pili, kwa kipimo cha nchi.

SIKU SABA ZA ILANI

Turudi sasa kwa mama wa ng'ombe watatu. Nilimwuliza alipataje habari za mgomo. Akasema alimwona mwenye kibanda akifunga virago. Kumbe ilani ilikuwa imetangazwa katika redio siku nyingi mbele! Aliisikia, lakini hakudhani yamhusu.

Mkulima anayeuza karibu na chuo, hospitali, kiwanda au ofisi kubwa na aihesabu ilani ya mgomo kama vile ahesabuvyo habari ya mvua. Siku saba zatosha kufanya mengi.

La kwanza ni deni. Siku ya kusikia ilani, pita vibandani ukaombe ulipwe ya nyuma, kwa upole, wakati mwenye kibanda angali na wateja. Wiki moja baadaye hata mtu mwaminifu hana cha kukupa.

La pili ni ng'ombe mwenye mimba. Ng'ombe yapasa aachwe kukamwa kiasi cha siku 60 kabla ya kuzaa. Wengi wetu huvuta mpaka siku 30 kwa tamaa ya fedha, na ndama huzaliwa dhaifu. Kama mgomo wakaribia na unaye ng'ombe wa miezi saba, mkaushe sasa hivi. Utapunguza maziwa yasiyo na soko, utaokoa chakula, na atakapozaa mgomo utakuwa umekwisha. Wale wengine usiwanyime chakula ghafula. Heri kuuza mtamba mmoja au dume ili kununua magunia, kuliko kuwashusha ng'ombe wote wanaokamwa.

La tatu ni kuyafanya maziwa yangoje. Maziwa mabichi yasiyopozwa hukaa saa chache tu, lakini mala hukaa siku kadhaa mahali pa baridi. Chemsha maziwa vizuri katika sufuria safi, uyafunike, uyaache yapoe mpaka yawe na uvuguvugu mdogo sana. Tia kikombe kimoja cha mala nzuri ya jana kwa kila lita 10, koroga, funika, uyaache yatulie usiku kucha. Asubuhi yatakuwa yameganda. Usitumie maziwa ya ng'ombe aliyepigwa sindano ya ugonjwa wa kiwele. Hayo hayagandi, wala hayafai kuuzwa kwa namna yoyote mpaka siku alizoagiza daktari wa mifugo zipite. Na kumbuka kwamba kuuza maziwa kwataka kibali cha Halmashauri ya Maziwa ya Kenya, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1958 na haikuwekwa ili kuwasumbua akina mama tu, ingawa nimesikia wengi wakisema hivyo.

Nilipomweleza mama habari za mala, alinitazama kwa huruma. "Mala najua kutengeneza kabla wewe hujazaliwa," akasema. "Shida ni nani ataninunulia lita 14 kila siku." Alikuwa na haki, nami nikanyamaza. Mala humpa mkulima siku tatu au nne. Siku 49 zataka kitu kingine, nacho ni ushirika. Mkulima mmoja mwenye lita 14 za ziada hana pa kuzipeleka. Wakulima 50 wenye lita 14 wana lita 700, na kwa lita 700 kiwanda cha maziwa hutuma gari, hasa kama pana tangi la kupoza. Bei ya kiwanda ni ndogo kuliko ya kibanda, kweli. Kwa sababu hiyo wakulima wa karibu na mji huudharau ushirika wakati wa neema, wakaukumbuka wakati wa shida, na ushirika haujengwi kwa siku saba. Shauri letu ni hili: peleka kwa ushirika angalau sehemu ya tatu ya maziwa yako wakati wote, hata kama kibanda chalipa zaidi. Ile tofauti ya shilingi chache ihesabu kuwa ni ada ya kuwa na mlango wa pili.

MBOGA, MAYAI NA KUKU

Sukuma wiki haina taabu sana. Majani ya chini na yaendelee kuchumwa hata kama hayauzwi, ili mmea usizeeke. Ng'ombe na sungura watayala. Jambo la kuepuka ni kupanda shamba zima siku moja. Wenye vipande kandokando ya Ndarugu, ambao wanaweza kumwagilia, na wapande kitalu kidogo kila baada ya wiki tatu. Mayai nayo hukaa wiki mbili au tatu mahali pa baridi, ikiwa hayakuoshwa.

Kuku wa nyama ndio wenye hatari. Kuku huyu huuzwa akiwa na wiki tano au sita, na baada ya hapo hula zaidi kuliko faida anayoongeza. Kuku 100 waliokwisha kukua hula kiasi cha kilo 15 kwa siku. Wakikaa siku kumi bila mnunuzi, wamekula kilo 150, yaani magunia matatu ya kilo 50, na mwenye hoteli atakapokuja atalipa bei ile ile ya kuku wa wiki sita, pengine ndogo zaidi kwa kuwa ajua huna la kufanya. Mwenye kuku wengi na atafute mapema mtu mwenye friji kubwa ya kugandisha, wapatane kwa maandishi bei ya kuwahifadhi.

Migomo hatuwezi kuijua mwaka mmoja mbele. Uchaguzi twaujua. Katiba yasema uchaguzi mkuu ufanywe Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti kila mwaka wa tano. Na uchaguzi kwa upande wa biashara si siku moja. Mwaka 2017 kura zilipigwa tarehe 8 Agosti, Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa Rais tarehe 1 Septemba, na watu wakarudi kupiga kura tarehe 26 Oktoba. Mwaka 2022 kura zilikuwa tarehe 9 Agosti, matokeo yakatangazwa tarehe 15, na hukumu ikatoka tarehe 5 Septemba. Kwa wiki zote hizo, hata pasipo fujo, watu hushika fedha zao mikononi. Shule hufungwa, wasafiri hupungua, na aliyetaka kufanya karamu huiahirisha.

Mwaka 2027 Jumanne hiyo ni tarehe 10 Agosti. Kifaranga wa nyama anayeingizwa bandani tarehe 29 Juni huwa na wiki sita kamili siku ya kura. Anayeingizwa mwisho wa Mei huwa amekwisha kuuzwa katikati ya Julai. Na banda likibaki tupu mwezi mmoja, lisafishwe, lipigwe chokaa, na madirisha yake yaangaliwe kama wavu ungali mzima.